Klachi safi, mapokezi ya hovyo: gereji iliyofungia zana zangu ndani ya vani

Klachi ya vani yangu ya ufundi bomba wameifunga vizuri. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekuja na chuki tu. Gia zinaingia laini na gari likiondoka halitetemeki. Lakini gereji hii simshauri fundi yeyote anayekula kwa gari lake, na sababu ni sentensi niliyotupiwa kwenye dirisha la mapokezi wiki kadhaa zilizopita, vani ikiwa juu ya lifti: "Hapa ni gereji, kaka, si stoo yako."

Nilichoomba ni kutolewa kitu kimoja. Mashine ya kuchomelea mabomba ya PPR (yale ya plastiki ya maji), sanduku la chuma, droo ya chini kabisa, mlango wa pembeni. Najua mteja haruhusiwi kupanda ndani ya gari lililoinuliwa. Uzito ukihama, gari linaweza kuteleza kwenye mikono ya lifti. Sikuomba kupanda. Ingetosha lifti ishushwe mpaka mlango uwe usawa wa kiuno, magurudumu bila kugusa chini (shafti zikiwa nje, beringi za magurudumu hazitakiwi kubeba uzito), fundi wao anyooshe mkono na kuvuta droo. Kazi ya dakika chache. Jibu likawa hilo la stoo, kisha dirisha likafungwa.

Kwa asiye fundi bomba hii inaweza kuonekana kelele za bure. PPR haigundishwi kwa gundi. Hata adapta yenye uzi wa shaba, upande wake wa plastiki unachomelewa. Mashine inatakiwa ifike nyuzi 260, bomba la milimita 20 lipate joto kwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha. Anayejaribu kwa moto wa gesi anaunguza nje huku ndani plastiki imevimba na kuziba nusu ya njia ya maji. Kiungo kitapita kipimo cha presha leo, mwenye nyumba atalalamika bafu halina nguvu miezi mitatu baadaye. Kwa hiyo bila ile mashine, saiti inasimama. Gari si usafiri tu. Ni ghala, karakana na ofisi, na gereji inayopokea magari ya kazi kila siku inalijua hilo vizuri sana.

Kilichonikera zaidi ni kwamba swali lingeulizwa wakati wa kupokea ufunguo. Wanaandika kilomita, wanaandika mafuta, wanazunguka wakitazama mikwaruzo. Ndani ya gari hawatazami. Basi atakayepeleka gari lake huko, au gereji nyingine yoyote, asisubiri kuulizwa.

Usipakue kwa aina ya zana, spana huku na tindo kule. Pakua kwa kazi. Sanduku la kwanza ni la dharura za uvujaji: spana za bomba mbili, tredi tepu (utepe wa kuziba nyuzi za bomba), washa za mpira za nusu na robo tatu inchi, koki mbili za nusu inchi, hozi za sinki, taa ya kichwani, ndoo na matambara. Ukiwa na hilo peke yake unaweza kuendelea kupokea simu za wateja. Sanduku la pili ni la PPR: mashine, vichwa vyake vya 20, 25 na 32, ufunguo mdogo wa kuvifungia, mkasi, kalamu ya kuwekea alama ya kina, kitambaa kisichotoa nyuzi. Ule ufunguo ndio unaosahaulika, na bila huo huwezi kubadilisha kichwa. La tatu ni drili na betri zake, pamoja na chaja. Wengi chaja imefungwa kwa skrubu ukutani karibu na inveta ya gari, hivyo macho huiruka. Betri nne bila chaja ni kazi ya siku moja.

Elbo, tii na soketi usizibebe zote. Chukua za mradi ulio mbele yako, ongeza mbili mbili kwa kila aina. Halafu funguo za nyumba za wateja, kitabu cha risiti na karatasi zenye anwani: hivyo visilale gereji hata usiku mmoja. Mwisho piga picha rafu zote, droo zikiwa wazi, na umwonyeshe anayepokea gari kabla hujampa ufunguo. Bima ya gari mara nyingi haigusi zana zilizomo, na gereji nyingi zina maandishi ukutani kwamba hazihusiki na mali iliyoachwa ndani. Hii nayo ilikuwa na maandishi hayo. Yaani mali hawahusiki nayo ikipotea, lakini kuitoa hawaruhusu. Hapo ndipo damu inapochemka.

Vani ikiwa gereji, kuhamia kwenye gari dogo kuna hesabu zake. Bomba la PPR la mita 4 haliingii, na kulifunga juu ya paa likininginia mbele na nyuma ni hatari kwa anayekufuata. Keria za magari mengi madogo zinabeba kati ya kilo 50 na 100 tu, na uzito wa keria yenyewe umo humo. Afadhali duka lipeleke mabomba saiti, au yakatwe mita 2 dukani. Kila bomba linalokatwa linakuongezea soketi moja na uchomeleaji wa pande mbili, kwa hiyo kata yale ya njia fupi zenye kona nyingi, ambako ungekata hata hivyo. Kama michoro inaruhusu bomba la PEX la milimita 16, yaani la plastiki linalokunjika, koili yake inalala kwenye buti. Mtungi wa gesi wa tochi usiufungie kwenye gari la abiria kama ulivyouzoea kwenye vani yenye matundu ya hewa. Valvu ifungwe, regyuleta itolewe, mtungi usimame wima, madirisha yawe wazi, na ukifika, mtungi ndio utolewe kwanza kabla ya kitu kingine.

Kukodi vani nyingine kunasaidia kwa kazi kubwa tu. Utapata sanduku tupu lisilo na rafu, na pasipo kizuizi nyuma ya kiti chako, mashine ya kuzibua mitaro itakufuata mgongoni ukikanyaga breki kwa nguvu. Uliza kama bima yao inaruhusu kubeba mizigo ya biashara, uliza uzito wa mwisho, funga kila kitu kwa mikanda. Kazi zenyewe zipangwe upya: kupima na kutoa makadirio, kubadilisha koki, kurekebisha masinki, vyote hivyo vinafanyika na gari dogo. Kuzibua mitaro na kuvuta laini kuu vingoje, na mteja aambiwe siku hiyo hiyo, si asubuhi ya kazi.

Turudi kwao. Kuna fundi wa giaboksi pale nyuma, kijana mtulivu, na ndiye anayenifanya nikose uhakika na nyota zangu. Alipofungua alinipigia mwenyewe, bila kupitia mapokezi. "Bosi, sahani ya klachi imekwisha, lakini sili ya krenki, ile inayozuia oili ya injini, nayo imeanza kutoa jasho. Tukiiacha, oili itaingia kwenye klachi mpya." Akatuma picha. Huo ndio ufundi. Vani kama hii beringi ya rilizi (inayoachanisha klachi ukikanyaga pedeli) na silinda ya klachi ni kitu kimoja, kimekaa ndani ya nyumba ya giaboksi. Anayebadilisha sahani na presha pleti inayoibana tu ili kupunguza bili anakuachia silinda ya zamani, ikianza kuvuja mafuta ya breki yanalowesha sahani mpya na giaboksi inashuka tena. Yeye alibadilisha vyote, akaweka sili, akatikisa flaiwili, lile gurudumu zito la injini linaloshikwa na klachi, kupima uchezaji wake kabla ya kusema inafaa. Sahani aliisawazisha katikati kwa kifaa chake, na giaboksi aliipandisha kwa jeki mpaka bolti zikashika, haikuachwa ining'inie kwenye shafti yake, jambo linalopinda sahani mpya kabla gari halijatembea. Akanionya nisipakie mzigo mzito wala kuvuta trela kwa kilomita mia chache za mwanzo.

Kwa kazi hiyo nilikuwa natoa nyota nne, na kweli nilianza kuandika hivyo. Kisha nikakumbuka kwamba siku ya kuchukua gari, yule yule wa dirishani alinisukumia ufunguo bila kunitazama, na rafu ya pembeni nikaikuta imefunguliwa bolti, fitingi za 20 na 25 zimechanganyika kwenye droo moja. Waliigusa rafu. Walikuwa ndani. Waliingia walipotaka wao, mimi nilipohitaji ikawa "si stoo yako".

Kwa hiyo ni nyota mbili, na zote mbili ni za yule kijana. Kama gari lako ni la familia, nenda, utahudumiwa vizuri na klachi itadumu. Kama ni la kazi, lifikishe pale likiwa tupu, ulizia yule kijana wa giaboksi kabla ya kusaini chochote, na uandikiwe kwenye fomu kwamba unaweza kutoa zana zako. Wakikataa kuandika, geuza gari. Akihama gereji, nitamfuata huko aliko.