Marble Queen, ile mani planti yenye weupe, inafaa hela yake?

Nianze na jibu kabisa, inafaa, na kwa joto letu hili la Dar sioni ua la kuning'iniza ndani linaloishinda. Nazungumzia ile mani planti yenye majani ya kijani yaliyotapakaa mabaka meupe ya krimu, siyo ile ya mabaka ya njano ambayo kila ofisi inayo. Yangu nimeichukua kwenye vitalu vya pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, 15,000 ikiwa kwenye kiriba cheusi, wakati ile ya njano hapohapo wanatoa kwa 5,000.

Wengi wanaona wanapigwa, maana kweli mmea ni uleule, kitaalamu Epipremnum aureum, asili yake kisiwa cha Moorea huko Polynesia ya Ufaransa. Ila sehemu nyeupe ya jani haina klorofili ya kutengenezea chakula kwa hiyo mmea wenye weupe mwingi unakua taratibu, muuzaji anaumwagilia muda mrefu mpaka ufikie urefu wa kuuzika. Bei naona ni ya haki kabisa.

Sasa kwenye mwanga ndo naomba mnielewe vizuri. Ukiuliza pale kitaluni utaambiwa hii inakaa popote dada, hata korido yenye giza. Haitakufa ni kweli, lakini ikikaa gizani majani mapya yanazidi kutoka ya kijani, mashina yanarefuka na majani yanakaa mbalimbali, yaani ule weupe uliolipia ndo unaondoka hivyo. Iweke karibu na dirisha, dirisha la mashariki ndo lenyewe, jua la asubuhi halina shida ila jua la mchana lisiigonge moja kwa moja maana weupe unaungua unakuwa kahawia na jani likishaungua halirudi. Na ukiona tawi limeanza kutoa kijani kitupu likate, rudi nyuma mpaka kwenye pingili, yaani kile kifundo cha shina jani linapotokea, ambayo jani lake bado lina mabaka. Usilionee huruma jamani, kijani kinakua haraka kuliko weupe na baada ya muda kitatawala chungu kizima.

Maji ingiza kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu mpaka nusu ya kidole ndo umwagilie, ukiwa bado una unyevu iache. Kinachoua hizi mani planti nyingi ni maji mengi, mizizi inaoza halafu majani yanageuka njano mtu anadhani ina kiu anaongeza tena. Kipindi cha kipupwe punguza zaidi. Udongo wa kwenye kiriba mara nyingi ni mzito, bora uhamishie kwenye chungu chenye matundu, mimi nachanganya udongo mweusi, mchanga, samadi iliyooza vizuri na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, hapo maji hayatuami. Kama una AC usiiweke pale upepo unapopuliza, ncha za majani zinakauka.

Raha yake nyingine ni kuzalisha. Unakata chini kidogo ya pingili, pale kwenye shina penye kanundu ka kahawia ambapo mzizi unatokea, unatumbukiza kwenye glasi ya maji na kuyabadilisha yakianza kuchafuka, ndani ya wiki chache mizizi ipo. Jani peke yake bila pingili halitoi mmea mpya hata likikaa mwaka. Chagua kipande chenye rangi zote mbili, kile cheupe tupu hakina cha kujilishia.

Wenye watoto wadogo na paka tundika juu. Huu ni ukoo mmoja na magimbi, mnajua gimbi likiwa bichi linavyowasha, basi na hii utomvu na majani yake yanawasha mdomo vilevile.

Kitu ambacho kinaniudhi ni hii ya kuuziwa kwamba inasafisha hewa ya nyumba. Ile habari inatokana na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya mwaka 1989 yaliyofanyika kwenye vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa, sebule yako yenye madirisha na milango siyo hivyo, kufungua dirisha kunasaidia zaidi. Nunueni kwa sababu ni nzuri, inatosha.

Mkienda kuchagua geuza majani uangalie chini, ukikuta vidudu vyeupe kama pamba kwenye maungio achana nayo hata wakikupunguzia. Halafu hesabu mashina, kuna viriba vina shina moja refu limezungushwa tu ili kionekane kimejaa, bora kifupi chenye mashina manne matano, hicho kikining'inia kinajaa vizuri. Nyota nne na nusu kwa ua, vitalu vyenyewe navipa nne, wana maua mazuri na wanapunguza bei ukichukua mawili, ila kwenye mwanga waanze kuwaambia wateja ukweli.