TAHADHARI: Fundi wa eisi (kipoza hewa cha gari) Kisumu ameniuzia kondensa ya gari langu mwenyewe!

Watu wa Kisumu, Ahero mpaka Busia, someni hii kabla hamjamfungulia boneti mtu yeyote mwenye tochi ya mwanga wa zambarau. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Na wale mliochukua ile picha kwenye status yangu, nimevaa miwani ya manjano natabasamu kama bibi harusi, ifuteni. Leo hii.

Eisi naitaka kwa ajili ya Mama: kwa hali yake joto la huku haliwezi. Gesi ilikuwa inajazwa, inapoza kidogo, kisha inarudi kupuliza moto. Kwamba inavuja nilijua. Inavujia wapi, ndiyo kazi ya fundi.

Huyu bwana nilielekezwa na mtu wa kanisani ambaye gari lake lilitoka kwake likiwa baridi. Ovaroli safi. Geji zake mbili, ya buluu na nyekundu. Mtungi wa buluu hafifu ulioandikwa R134a, na ndiyo gesi ya Fielder langu. Tena yeye ndiye aliyeanza kuniambia mafundi wengine ni wezi! "Mama, sikufichi, ukijaza gesi kabla ya kuziba panapovuja unamwaga pesa." Sasa hayo si maneno ya kweli? Hata fundi mwaminifu angesema hivyo hivyo. Ningemshukuje?

Akanivisha ile miwani, ati bila hiyo sitaona. Akaniomba nisogee kidogo nisichafuke. Akatoa kitambaa mfukoni, akapangusa pembe ya kondensa, ile ya kupoza gesi inayokaa mbele ya rejeta, "tutoe vumbi." Akawasha tochi. Weee! Pembe yote ikang'aa kijani, kijani cha kutisha. Vijana wa gereji ya jirani wakaguna. "Umejionea mwenyewe, mama. Hapo ndipo gesi yako inapotokea." Nikapiga picha. Nikamtumia dada yangu. Nikamsifu mtu mbele za watu!

Kondensa ikafunguliwa, kijana akaondoka nayo kwa boda, "aipeleke dukani kama sampuli asije akaletewa saizi nyingine." Nikatuma 11,500 kwa M-Pesa. Kijana akarudi na boksi, ndani plastiki, ndani ya plastiki kondensa nyeusi inang'aa. Ilikuwa inanuka rangi. Nikauliza, harufu hii ni ya nini? Akanijibu bila kupepesa jicho kwamba vitu vya Dubai vikiwa vipya vyote hunuka hivyo. Akafunga, akajaza gesi, akachomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa la dashibodi. Kikashuka hadi nyuzi 7. Mama akaomba leso ajifunike, na mimi nikaongeza 500 ya chai juu ya ile elfu tano na mia tano ya kazi na gesi. Ya CHAI.

Baridi haikukaa. Kisha ikaja harufu ndani ya gari, ya jikoni, nikadhani ni mtungi wa kupikia niliokuwa nimebeba kwenye buti. Nilipopanda Nakuru kwa kaka, fundi wake alifungua kile kifuniko kidogo cha mahali pa kujazia, akabonyeza, akanusa, akafunga haraka. Akamwambia mlinzi azime sigara. Kisha akanitazama: "Dada, humu umejaziwa gesi ya kupikia."

Mama yangu amekaa kwenye gari hilo vioo vimefungwa!

Alinieleza hivi. R134a haina harufu ya kusema na haishiki moto kwa urahisi. Ya kupikia inapoza vizuri sana, ndiyo maana kipimajoto kilinidanganya, lakini inawaka, na evapareta, pale gesi inapopozea hewa ya ndani, iko nyuma ya dashibodi. Ikivuja hapo, inaingia mnapokaa. Mashine yake mwenyewe alikataa kuiunganisha na gari langu, ati itachafuka.

Bado. Akakwaruza kondensa "mpya" kwa ukucha, rangi ikabanduka. Chini yake kuna kibonyeo cha jiwe nililorushiwa na lori pale Ahero, vipezi vimelala vile vile. Ni kondensa yangu. Ilizungushwa kwa boda, ikapuliziwa rangi, nikauziwa. Na haikuwa hata na tundu! Baada ya ile gesi kuondolewa alijaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni, mapovu yakatokea kwenye kiungo cha paipu: ringi ya mpira imelala, kitu cha bei ya soda.

Na ule ukijani? Ile rangi ya kusaka panapovuja, inayong'aa kwa tochi hiyo, huingizwa ndani ya mfumo, ikazunguka na oili injini ikiwa inanguruma, ndipo itokee panapovuja. Kwangu ndani hamkuwa na hata tone. Ilikuwa kwenye kitambaa.

Huyu mtu afungwe. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia mali kwa udanganyifu, kinasema hadi miaka mitatu, na mimi naona hiyo ni zawadi. Anyang'anywe spana, anyang'anywe mtungi, apakwe hiyo rangi yake ya kijani usoni azungushwe soko la Kibuye mchana. Nampigia, anakata. Jina siweki hapa kwa sababu shemeji yangu wakili amenikataza, lakini ukiniuliza faraghani nitakuambia hadi rangi ya viatu vyake.

Mnaoniuliza mngemtambuaje: kipuri cha zamani kikiondoka mbele ya macho yako, kifuate au kitie alama. Tochi iwashwe kabla ya kitambaa kupita, siyo baada. Yule wa Kisumu hakuvuta hewa kwa pampu kabla ya kujaza gesi, na mwenzake wa Nakuru aliivuta karibu nusu saa, kisha akatazama geji kama inapanda. Mizani pia hakuwa nayo. Gesi hupimwa kwa gramu, magari madogo mengi ni kati ya 400 na 600, na kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Mengine nikikumbuka nitaongeza, sasa hivi mikono inatetemeka.

Kama amekugusia gari, usiwashe eisi mpaka ipimwe, na asivute mtu sigara humo. Weka ujumbe wako wa M-Pesa, usiufute. Jumatatu asubuhi naenda kuandikisha taarifa polisi, na OCS, mkuu wa kituo, akiona ni mwanamke mmoja na kondensa yake atanicheka. Wenye risiti njooni tuingie pamoja.