Tathmini ya nyuzi 360 kwa anayeongoza timu: uzoefu wangu, kuanzia dodoso hadi kocha

Tathmini ya nyuzi 360 ni kiongozi kupimwa na watu wa pande zote: bosi, wenzake na walio chini yake. Huduma yenyewe ina sehemu nne: dodoso la mtandaoni linalojazwa na watu unaofanya nao kazi, ripoti, kikao cha dakika 90 na kocha, na dodoso fupi la ufuatiliaji baada ya wiki 12. Mtoa huduma simtaji, maana nyingi zilizoko sokoni zimejengwa kwa mpangilio huu huu na kasoro zake hazipishani sana. Hukumu yangu ni kwamba inafaa, ila ripoti, ambayo ndiyo inayotangazwa kwa mbwembwe, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Thamani iko kwenye kuchagua watathmini kabla yake na kuzungumza nao baada yake, na kazi zote mbili mtoa huduma amekuachia mwenyewe.

Watathmini unawaweka katika makundi matatu: bosi wako, wenzako wa ngazi moja, na walio chini yako. Wewe nawe unajaza dodoso lile lile. Ukimtoa bosi, kila kundi lazima lipate majibu ya watu wasiopungua watatu, la sivyo mfumo unaficha alama zake au unalichanganya na kundi jingine ili asijulikane nani kasema nini. Hapa ndipo wengi hukwama: wanaalika watatu kamili, mmoja yuko likizo, dodoso linafungwa, na safu nzima ya walio chini inatoka tupu. Alika watano au sita kwa kila kundi. Kama timu yako haizidi watu sita, alika wote. Ukibagua, walioachwa watajua, na wataanza kukisia kwa nini.

Nani wa kumwalika? Awe amefanya kazi nawe miezi sita au zaidi, na awe amekuona katika hali tofauti: kwenye kikao, kwenye dharura, wakati wa kumwelekeza mtu. Angalau wawili wawe watu mnaopishana mara kwa mara. Orodha ya marafiki watupu itakupa ripoti ya kutundika ukutani. Lakini pia usimwalike mtu ambaye ugomvi wenu bado wa moto, kwa sababu atajibu ugomvi badala ya maswali. Mwonyeshe bosi orodha kabla ya kuituma. Mara nyingi ataongeza jina moja ulilolikwepa bila kujijua.

Mwaliko unaotumwa na mfumo ni wa kiofisi mno na watu huupita kama tangazo. Tangulia na ujumbe wako mwenyewe. Huu unatosha: "Utapokea dodoso kuhusu namna ninavyoongoza. Nimekuomba wewe kwa sababu umeniona nikiendesha vikao vya mradi. Sehemu ya maoni, tafadhali andika tukio na lilivyoathiri kazi yako, hata kama ni sentensi mbili. Ripoti nitaiona mimi na kocha tu." Sentensi ya mwisho usiiandike kabla ya kuthibitisha kwamba ni kweli. Soma mkataba: nani mwenye ripoti, idara ya rasilimali watu inaiona au la, na itatumika kupandisha watu vyeo au mishahara au la. Ikihusishwa na vyeo, alama zinapanda ghafla kwa mtindo wa nipe nikupe, na maoni yanageuka salamu za pongezi.

Dodoso lina maswali 72. Ni mengi mno. Ukizidi 50 hivi, mtu anachoka na kuanza kuweka 4 kila mahali hadi afike mwisho, na kama kampuni inawatathmini mameneja wanane kwa wakati mmoja, kuna mfanyakazi anayejaza fomu hiyo mara nne au tano. Ukiona mtathmini mmoja ana alama ile ile kwa maswali 30 mfululizo, hakuna habari humo. Kinachosaidia kidogo ni kwamba kipimo kinapima mara ngapi jambo hutokea, kuanzia "kamwe" hadi "kila mara", badala ya kuuliza kama wewe ni mzuri au mbaya. Kuna pia kisanduku cha "sijapata kuona". Kisipokuwepo, asiyejua anaweka 3, alama ya katikati, na wastani unajaa hewa.

Kasoro iliyoniudhi zaidi ni maswali yenye vichwa viwili. "Husikiliza maoni ya wengine na kuamua kwa wakati." Anayesikiliza vizuri lakini anachelewesha maamuzi apewe ngapi? Mtathmini mmoja atajibu nusu ya kwanza, mwingine nusu ya pili, na ripoti itawajumlisha. Omba kuona dodoso zima kabla ya kulipa, ukatafute maswali ya aina hiyo. Kwenye simu linafunguka vizuri; upande huo sina neno.

Sasa ripoti. Kurasa nyingi, rangi nyingi, mchoro wa utando wa buibui ambao haukuambii lolote ambalo jedwali halikuambii. Namna ya kuisoma ni kuanzia nyuma: maoni ya maandishi kwanza, kisha alama kwa kila kundi, na wastani wa jumla mwisho kabisa. Sababu ni hii. Chukua swali la kugawa majukumu pamoja na mamlaka ya kuamua, ambapo walio chini watano wamekupa wastani wa 2.6. Huenda waliweka 1, 2, 2, 4, 4. Huenda waliweka 2, 2, 3, 3, 3. Wastani ni ule ule, lakini kisa cha kwanza kinasema una watu wako wawili unaowaamini na wengine watatu wanaokodoa macho, na cha pili kinasema unabana kila mtu kwa kiasi. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo ulizia kama ripoti inaonyesha mtawanyiko wa alama. Yangu inauonyesha kwa vitone vidogo vya kijivu chini ya mstari, ukurasa ambao kocha wengine huuruka.

Jambo la pili: usihangaike na desimali. Utafiti wa Scullen, Mount na Goff wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya tofauti za alama za namna hii hutokana na mtathmini mwenyewe, yaani jinsi yeye alivyo mkali au mpole na anavyouelewa utendaji, kuliko zinavyotokana na anayetathminiwa. Kutoka 3.7 hadi 3.9 si maendeleo. Linganisho la "wewe dhidi ya viongozi wengine" nalo lipite haraka, hasa kama hujaambiwa hao wengine ni akina nani.

Kinachostahili muda wako ni pengo kati ya alama ulizojipa na walizokupa wenzako. Nyani haoni kundule, na ndiyo maana wanasaikolojia Joseph Luft na Harrington Ingham walipochora mwaka 1955 dirisha la Johari, mchoro wa kujitambua wenye vyumba vinne, walitenga chumba kizima kwa yale ambayo wengine wanayaona kwako na wewe huyaoni. Kwenye jedwali, tafuta maswali ambapo ulijipa alama moja au zaidi juu ya walio chini yako huku bosi akikubaliana na wewe. Hayo ndiyo unayoyafanya vizuri ukiangaliwa kutoka juu tu. Tafuta na kinyume chake, pale ulipojipa chini kuliko wote. Huenda una uwezo usioutumia.

Maoni ya maandishi yanachapwa neno kwa neno, na hili ni tatizo la kweli. Mtu mwenye msemo wake au anayetaja mradi uliowahusu wawili tu amejitaja jina. Ukimgundua, nyamaza. Ukimfuata hata kwa wema, habari itasambaa, na mara ijayo wote watakuandikia "hana tatizo". Ripoti ikifika, ilaze usiku mmoja kabla ya kikao.

Kikao cha kocha kinafuata mfumo wa GROW, kifupi cha Kiingereza cha hatua nne: lengo, hali ilivyo sasa, njia zilizopo, na utakalofanya. Kocha mzuri unamtambua kwa swali la "lini hasa?" kila unapojitetea kwa jumla jumla. Anayetumia dakika 40 kukusomea ripoti uliyokwisha kuisoma anakupotezea muda. Mwambie mapema kwamba umeisoma na unataka kuanzia ukurasa fulani. Na anayekupa malengo sita, kataa matano. Watafiti Kluger na DeNisi walipochambua kwa pamoja tafiti za mrejesho mwaka 1996 walikuta kuwa katika zaidi ya theluthi moja ya visa, mrejesho ulishusha utendaji, hasa pale mtu anapoacha kuifikiria kazi na kuanza kujifikiria mwenyewe. "Niwe kiongozi anayeaminika" ni lengo la kujifikiria. "Nikikabidhi kazi, niseme mpaka wa maamuzi" ni la kazi.

Lengo hilo moja liandike kwa mtindo wa "ikitokea hivi, nitafanya vile", ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliuchunguza kwa kina: unafunga tendo kwenye tukio ili usisubiri kukumbuka. Kwa kugawa majukumu: "Nikimkabidhi mtu kazi, kabla hajaondoka nitataja mambo manne: matokeo yanayotakiwa, anachoweza kuamua bila kuniuliza, kisichoguswa, na siku ya kunionyesha kazi ikiwa nusu." La nne ndilo linaloachwa zaidi. Bila hilo utaanza kuchungulia kila siku, na aliyekabidhiwa ataona mamlaka yamerudishwa kwa mlango wa nyuma.

Wengi huchagua badala yake "mtu akiniletea tatizo, nitamuuliza yeye anapendekeza nini". Ni zuri kwa mzoefu. Kwa mgeni asiye na taarifa za kutosha linasikika kama anafukuzwa, na baada ya wiki chache ataacha kuleta matatizo kabisa, jambo ambalo kwa nje linafanana na mafanikio.

Hatua ambayo huduma haigusi, na ningeiwekea alama ya chini kabisa kwa hilo, ni kurudi kwa watathmini. Ndani ya wiki mbili waite, pamoja au mmoja mmoja, kwa dakika kumi: washukuru, taja jambo moja ulilojifunza kuwa unalifanya vizuri, jambo moja unalobadilisha, na uwaombe wakuambie wakiona umerudia. Usijieleze. Ukishaanza "unajua siku ile ilikuwa…" kikao kimekufa. Wasiposikia chochote, watahitimisha kuwa ni funika kombe mwanaharamu apite, na muda wao hutaupata tena.

Dodoso la ufuatiliaji la wiki 12 ni zuri kuliko nilivyotarajia kwa sababu ni fupi: linataja tabia moja uliyochagua na kuuliza imebadilika kiasi gani, kuanzia hasi 3 hadi chanya 3, kwa watu wale wale. Kuuliza mabadiliko moja kwa moja kunafaa kuliko kulinganisha alama za zamani na mpya, maana ukianza kukabidhi kazi vizuri watu wanazoea na kupandisha vigezo vyao, na alama inaweza kushuka wakati wewe umepanda. Dodoso zima lirudiwe baada ya mwaka au mwaka na nusu, si chini ya hapo.

Nisingeipendekeza kwa aliyepewa timu hivi karibuni, wala kwa anayeongoza watu wawili, kwa sababu kundi halitafikisha idadi na usiri hautakuwepo. Huyo anaweza kuwauliza watu watano ana kwa ana: "Kwenye vikao vyangu, nifanye nini tofauti kuanzia wiki ijayo?" Aandike majibu bila kujibu kitu zaidi ya asante. Swali linauliza ya mbele badala ya ya nyuma, kwa hiyo hata muoga hupata la kusema.