Mashine ya kufulia kwa nyumba ya Kigoma: ipi uanze nayo

Kabla ya bei, muulize muuzaji kituo cha waranti kiko wapi. Akijibu Dar es Salaam, hizo ni zaidi ya kilomita 1,200, na nauli ya mzigo huenda ikawa juu yako. Ndiyo maana hapa tumepanga kwa kuangalia jambo moja: ikigoma, fundi wa Mwanga au Ujiji ataweza kuifungua?

1. Ya matenki mawili (la kufulia na la kukamulia)

Haina uzuri, lakini ndiyo ya kwanza. Unaijaza kwa ndoo, kwa hiyo maji yakikatika unafua tu. Ndani kuna taima, mota mbili, mkanda na kapasita, basi. Ikivuma bila kuzunguka, mara nyingi ni kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza. Inawekwa nyingine yenye maikrofaradi (kipimo kilichoandikwa juu yake) zilezile. Kwenye kukamua, usisahau kile kisahani cha plastiki juu ya nguo, la sivyo soksi inachomoka na kunasa chini ya ngoma.

2. Otomatiki ya mlango wa juu

Inakunywa maji mengi kuliko ya mlango wa mbele. Maji yakirudi baada ya mgao huja na tope: fungua mpira wa kuingizia maji, uchomoe kichujio kidogo kwenye valvu, ukisugue kwa mswaki.

3. Otomatiki ya mlango wa mbele

Hii ndiyo inayosifiwa kwa kubana maji, karibu lita 50 kwa kilo 7 za nguo. Sifa ni za kweli. Shida ni masharti yake. Vitabu vingi vinataka presha ya megapaskali 0.05, yaani simtanki iwe mita 5 juu ya valvu. Mnara wa mita 3 hautoshi, na LG itakuandikia IE, yaani maji hayaingii vizuri. Ukifua kwa maji ya moto, hita peke yake hula karibu wati 2,000. Bodi ya umeme ikiungua kwa umeme kupanda na kushuka, waranti kwa kawaida haikulipi, kwa hiyo weka stabilaiza inayobeba mzigo huo.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi mno. Nunua iliyoandikwa ya mashine. Kwenye aina nyingi pipa la nje, lile linaloshika ngoma, limeunganishwa moja kwa moja, halifunguki. Beringi ya ngoma iliyomo humo, ya bei ndogo, ikiharibika unauziwa pipa zima.

Kwa iliyotumika, fungua mlango, shika mdomo wa ngoma uunyanyue. Ngoma na pipa vikipanda pamoja ni sawa, hizo ni springi. Ngoma ikicheza peke yake, au ikikwaruza unapoizungusha, iache hapohapo dukani.

Kuhusu waranti yenyewe: stika ya "miaka 10" huwa ni ya mota tu. Pampu na bodi ni mwaka mmoja au miwili. Panya akitafuna waya, au ukiitumia gesti, umejitoa.

Risiti ya EFD hufifia, ipige picha siku hiyohiyo pamoja na namba ya mashine. Kwenye ya mlango wa mbele, zile boliti za nyuma za usafirishaji, 3 au 4, zinazozuia pipa lisicheze safarini, zitoe kabla ya kuwasha, kisha zifunge kwenye mfuko na uzitunze: bila hizo, safari ya kurudi Dar inaweza kuivunja mashine njiani.