Tiketi mbili za Kinnick Stadium: makocha watatu, benchi moja

Katika vuli ya mwaka 2025 nililipia tiketi mbili za futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, zote za Kinnick Stadium, uwanja wa Chuo Kikuu cha Iowa hapa Iowa City: ya kwanza ya tarehe 27 Septemba dhidi ya Indiana, ya pili ya tarehe 18 Oktoba dhidi ya Penn State. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu wa mji huu, ambao tumeongezeka sana kwa kuja kwa ndugu zetu kutoka Kongo, na ambao kila Jumamosi ya msimu hukwamishwa na msururu wa magari bila kujua kama kilicho mwisho wa msururu ule ni cha kulipia au ni cha kukwepa. Jibu langu ni kwamba tiketi ya mechi moja inastahili bei yake, ila tiketi ya msimu mzima simshauri mtu ainunue kabla hajaelewa anauziwa nini, kwa sababu kilichokuwa kikiuzwa miaka kumi iliyopita sicho kinachouzwa leo, ingawa uwanja ni uleule na kocha ni yuleyule.

Kuhusu ununuzi sina mengi. Tiketi ya Indiana niliipata mtandaoni kwa muuzaji wa mkono wa pili, ambaye bei yake ilianza dola 84 na kuishia dola 109 baada ya kitu kiitwacho ada ya huduma kujitokeza kwenye ukurasa wa mwisho. Huduma yenyewe ilikuwa kunitumia mistari ya kuskani kwenye simu. Bahati yangu ni kwamba kiti kile kilikuwa cha mke wa mkulima mmoja mzee, ambaye magoti yake hayawezi tena ngazi, na mume wake alikuwa ameketi kiti cha pembeni. Tulipoachana jioni ile tulikuwa tumekwisha kukubaliana kwamba ya Penn State ataniuzia mwenyewe, bila mtu wa kati, kwa bei iliyochapishwa. Kwa hiyo mechi zote mbili nilizitazama kutoka benchi moja, sehemu moja, kando ya mtu mmoja ambaye amekuwa akija hapa tangu enzi za kocha Hayden Fry, aliyeifundisha Iowa kuanzia 1979 hadi 1998.

Uwanja wenyewe ulifunguliwa mwaka 1929 na unachukua watu 69,250. Majukwaa yamesogezwa karibu na nyasi kiasi kwamba unasikia kofia za wachezaji zikigongana, jambo ambalo televisheni haiwezi kukupa kwa bei yoyote. Mabenchi ni ya chuma na hayana egemeo, hivyo mwenye mgongo kama wangu abebe mto, na mkoba lazima uwe wa plastiki inayoonesha kilichomo. Wachezaji huingia wakiwa wameshikana mikono, wakitembea polepole kama watu wanaosindikiza bwana harusi. Robo ya kwanza inapokwisha, uwanja mzima, pamoja na wageni na waamuzi, hugeuka kuitazama hospitali ya watoto iliyo jirani na kuwapungia mkono wagonjwa waliopandishwa ghorofa ya juu kutazama mchezo. Desturi hii ilianza mwaka 2017. Nilikuwa nimeisikia na nikadhani ni mbwembwe za Kimarekani. Nilipoona mikono midogo ikijibu nyuma ya vioo nilinyamaza. Kwa dakika ile peke yake dola 109 sizidai.

Sasa bidhaa yenyewe, yaani timu. Jirani yangu anayetoka Bukavu aliniuliza swali ambalo kila msomaji wa Kiswahili ataliuliza: «Sasa kaka, mutoto akihama, chuo kinabakia na nini?» Sisi tumezoea Simba na Yanga, ambako dirisha la usajili likifunguliwa mchezaji mwenye mkataba huuzwa, na klabu inayomwachia angalau huambulia fedha. Huku kwa kawaida chuo hakiambulii kitu. Hadi mwaka 2018 mchezaji aliyetaka kuhama alitegemea ridhaa ya kocha wake. Oktoba mwaka ule likaanzishwa lango la uhamisho, ambamo huandikisha jina na vyuo vingine vikaruhusiwa kumtongoza. Mwaka 2021 aliondolewa sharti la kukaa nje msimu mzima akihama mara ya kwanza, na mwaka huohuo akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Mwaka 2024 hata kikomo cha idadi ya kuhama kikaondolewa kwa mwenye maendeleo mazuri darasani. Hatimaye, Juni 2025, mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviwezesha vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa 2025/26. Anayenunua tiketi ya msimu leo, basi, hanunui vijana atakaowaona wakikua kwa miaka minne, bali ananunua mkusanyiko wa watu wa mwaka mmoja. Mimi ni mhamiaji, nilihama kwa sababu ya mshahara, kwa hiyo sina uso wa kumlaumu kijana wa miaka 20 aliyefanya hivyohivyo. Ninachohoji ni matarajio ya mnunuzi, ambayo hayakuhama pamoja nao.

Mechi ya Indiana ilinipa somo hilo kwa macho. Indiana kwa miaka mingi kilikuwa chuo cha kujipatia ushindi wa bure. Mwaka 2023 kilishinda mechi tatu na kupoteza tisa. Kisha akaajiriwa kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, akaja na wachezaji 13 wa kule alikotoka, na katika msimu wake wa kwanza akashinda mechi 11 na kupoteza mbili tu. Alasiri ile ya Septemba matokeo yalikuwa sare ya 13, zikiwa zimebaki kama dakika moja na nusu, Fernando Mendoza alipomrushia Elijah Sarratt mpira uliokwenda yadi 49 hadi mwisho wa uwanja. Ilikwisha 20 kwa 15. Mzee wa pembeni yangu alikuwa na karatasi ya orodha ya wachezaji aliyoikunja mara nne, na akanionesha kwa kidole kilichopinda: aliyerusha alikuwa chuo cha California mwaka uliotangulia, na aliyedaka yuko katika chuo chake cha tatu. Nikamwomba anioneshe na wa kwetu. Mark Gronowski, kwotabeki (mrushaji mkuu wa mpira) wa Iowa, alitoka chuo cha South Dakota State ambako alitwaa ubingwa wa daraja lao mara mbili; alipoumia goti mwishoni, aliyeingia badala yake, Hank Brown, alitoka Auburn. Mzee aliikunja karatasi yake akairudisha mfukoni bila kusema neno.

Hapo ndipo mashabiki waliokaa nyuma yetu walipoanza kumzungumzia Kirk Ferentz, kocha wa Iowa, kwa namna ambayo huko kwetu tungesema wameshamfungashia virago. Ni haki yao, wamelipa. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba wiki mbili tu kabla, tarehe 13 Septemba, uwanja huohuo ulikuwa umesimama kumshangilia alipofikisha ushindi wake wa 206 na kumpita Woody Hayes wa Ohio State, akawa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika Big Ten, ligi ya vyuo ambamo Iowa inacheza. Inafaa zaidi kukumbuka alivyoanza. Msimu wake wa kwanza, 1999, alishinda mechi moja na kupoteza kumi. Wa pili alishinda tatu na kupoteza tisa. Mwaka 2002 akashinda 11 na kupoteza mbili. Mzee alikuwepo katika zile kumi alizopoteza. Nilimuuliza walimvumiliaje, akanijibu kwamba walikuwa wakiwaona vijana walewale wakiongezeka uzito na akili mwaka hadi mwaka, na hivyo walijua kitu kinapikwa. Leo chungu kile hakiwezi kukaa motoni miaka mitatu, kwa sababu nyama nzuri inatolewa kabla haijaiva na kupelekwa kwenye sahani ya jirani. Na shabiki, ambaye ameona Indiana ikipakuliwa kwa msimu mmoja, hataki tena kusikia habari ya moto mdogo.

Sisemi Ferentz hana kasoro. Kwa miaka kadhaa timu yake ilizuia vizuri na kushambulia vibaya mno, na mwaka 2023 mambo yalifikia mahali ambapo mkataba wa mwanawe, Brian, aliyesimamia mashambulizi, uliandikwa sharti la kufikisha wastani wa pointi 25 kwa mechi. Mashabiki walikuwa wakihesabu kila wiki kama watu wanaohesabu siku za kulipwa deni. Hazikufika, na kabla ya msimu kwisha ikatangazwa kwamba kijana hataendelea, wakati timu yenyewe ilikuwa njiani kushinda mechi 10. Kwenye fainali ya Big Ten mwaka ule walifungwa 26 kwa bila. Hata lango la uhamisho halikumsaidia sana: Cade McNamara aliletwa kutoka Michigan kwa shangwe kubwa, goti likaharibika, na mwaka uliofuata akapoteza namba na kuondoka. Ukinunua tiketi ya Iowa, ujue kwamba unaweza kukaa saa tatu na nusu ukitazama mpira ukipigwa mbali ili adui aanzie mbali. Mimi nilikuja kuipenda sanaa hiyo, ila si kila mtu atakayeipenda.

Mechi ya Penn State ilichezwa usiku, baridi ikiwa ndiyo kwanza inaingia, na kwangu ilikuwa bora kuliko ya kwanza kwa sababu ya mtu ambaye hakuwepo. James Franklin aliifundisha Penn State tangu 2014, na Januari 2025 aliifikisha nusu fainali ya taifa, ikatolewa na Notre Dame 27 kwa 24. Msimu mpya ulianza ikiwekwa nafasi ya pili nchini. Alipopoteza mechi tatu mfululizo alifukuzwa tarehe 12 Oktoba, siku sita kabla ya kuja hapa, huku fidia ya mkataba wake ikikaribia dola milioni 49. Baadaye aliajiriwa Virginia Tech na fidia ikapunguzwa hadi milioni tisa. Kwa hiyo upande wa wageni alisimama kocha wa muda, Terry Smith, akiwa na timu iliyokatwa kichwa, na kwotabeki wao wa kwanza akiwa majeruhi. Walicheza kwa ghadhabu. Iowa ilishinda 25 kwa 24, baada ya Gronowski, aliyekuwa akichechemea wiki chache kabla, kukimbia yadi 67 mwishoni na kutengeneza nafasi ya ushindi. Benchi lote lilisimama, na mzee akanikamata mkono kwa nguvu za mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote.

Alikuwa amevaa jezi namba 24, ya Nile Kinnick, mshindi wa mwaka 1939 wa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, aliyekufa katika ajali ya ndege akiwa mafunzoni mwaka 1943, ambaye jina lake ndilo jina la uwanja. Zamani, aliniambia, alikuwa akiwanunulia wajukuu jezi za wachezaji wapya, lakini mara mbili mfululizo mwenye namba aliondoka kabla ya Krismasi. Huyu, akasema akigusa kifua chake, hahami.

Wanaodhani kumfukuza kocha ni dawa, waangalie kilichofuata, maana kimetokea karibu nasi. Kocha akiondoka, wachezaji wake hufunguliwa dirisha lao la pekee, hivyo chuo humpoteza kocha leo na kikosi kesho. Penn State walimchukua Matt Campbell wa Iowa State, chuo cha Ames, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka hapa, ambaye mwaka 2024 alikipa chuo kile ushindi 11, idadi ambayo hakikuwahi kuifikia. Timu aliyoiacha ikakataa hata kucheza mechi yake ya mwisho wa msimu. Dirisha lilipofunguliwa Januari, kundi kubwa likamfuata Pennsylvania, akiwamo kwotabeki Rocco Becht. Watu wa Ames hawakumfukuza kocha wao wala hawakumchoka. Wameadhibiwa kwa sababu watu wengine, walio maili mamia kutoka kwao, walikosa subira. Na Indiana? Mendoza alipata Heisman, na Januari 2026 timu ikatwaa ubingwa wa taifa bila kupoteza mechi hata moja, jambo ambalo litawatesa makocha wengine wote, kwa kuwa sasa kila shabiki ana mfano wa kuwatupia usoni.

Kwa tiketi ya mechi moja ninatoa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye ile ada ya huduma. Mnunue mapema kwa mwenye kiti akipatikana, mfike saa mbili kabla, na mle kabla ya kuingia. Tiketi ya msimu naipa nyota tatu, na ni kwa sababu tu Iowa bado ni miongoni mwa sehemu chache ambako kocha wa leo ni wa jana. Kwingineko ningetoa mbili. Mzee amekwisha kulipia viti vyote viwili vya msimu wa 2026. Nimemwomba kile cha tarehe 12 Septemba, Iowa State watakapokuja na kocha wao mpya, Jimmy Rogers, na wachezaji ambao hata watu wa Ames wenyewe watakuwa bado wanajifunza majina yao. Amekubali kwa bei iliyochapishwa, kwa sharti kwamba nilete tena mandazi ya mke wa jirani yangu, tule nyuma ya gari lake kabla ya mageti kufunguliwa.