Nyaraka za API ya libvirt: nilivyoponzwa na shutdown()

Wiki tatu zilizopita niliandika skripti ya lugha ya Python ya kuzima mashine pepe zetu (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta halisi) usiku, kisha kunakili mafaili ya diski zake yawe akiba. Natumia libvirt, mradi wa chanzo huria ulioanza mwaka 2005, unaokuwezesha kuendesha KVM, Xen na programu nyingine za mashine pepe kwa API moja, yaani seti moja ya fanksheni unazoziita kwenye msimbo wako. Usiku wa kwanza mambo shwari. Wa pili, nakala ya mashine moja ikagoma kuwaka. Mafaili ndani yamevurugika.

Kosa langu. Niliita shutdown(), ikarudi kimya, nikajua imezima. Kumbe fanksheni ile inapeleka ombi tu na kuondoka zake. Mfumo ulio ndani ya mashine unaweza kuchelewa, au kulipuuza kabisa. Nyaraka zinalisema hilo. Mimi nilisoma mbiombio.

Nikageukia destroy(), nayo nikaiogopa siku nzima. Jina gani hilo! Nani ataiita kwenye mashine yenye data za watu? Kwa kweli haifuti diski. Ni kama kuchomoa waya ukutani. Inayofuta usanidi wa mashine ni undefine(), na hata hiyo haigusi faili la diski. Jina ndiyo limeshakaa, programu kibao zinalitegemea, basi maelezo ndiyo yanatakiwa kumtoa mtu hofu.

Ukiwa mtu wa lugha ya C, nyaraka hizi zinakushibisha: kila fanksheni imeelezwa, inarudisha nini, nani anatakiwa kuachia kumbukumbu. Lipo pia jedwali la fanksheni ipi inafanya kazi wapi na tangu toleo lipi, nalo nalifungua karibu kila siku.

Mtu wa Python ndiye mtoto wa kambo. Maelezo yake yanazalishwa kutoka kwenye komenti za msimbo wa C, kwa hiyo help(libvirt.virDomain.destroy) inakuambia habari za virDomainPtr, kielekezi cha C ambacho kwenye Python hukutani nacho. Hata makosa ni tofauti: C ikishindwa inarudisha -1, Python inakurushia libvirtError.

Ila chanzo kuwa kimoja kuna raha yake. Nilifungua src/libvirt-domain.c, nikaenda juu ya virDomainShutdown, nikaongeza sentensi mbili: kwamba 0 maana yake ombi limepokelewa, mashine huenda bado inawaka; na kwamba hali yake uiulize kwa virDomainGetState. Nikajenga libvirt kwa meson na ninja, zana za kujenga programu kutoka kwenye msimbo, kisha libvirt-python juu yake, nikaita help(). Maneno yangu yale yakatokea kwenye skrini nyeusi, nikacheka peke yangu.

Nyaraka hizi nazipa nyota nne kati ya tano. Kiraka, yaani badiliko langu hilo la kupeleka kwa mradi, nimekitia Signed-off-by, mstari wa kuthibitisha kwamba nina haki ya kukitoa, kama mradi unavyodai. Kiingereza chake nakipitia mara ya mwisho leo jioni, kisha nakituma.