Kurekebisha sauti ya studio ya chumbani: mifumo ninayoipendekeza, kwa mpangilio

Malalamiko ninayoletewa na wenye studio za chumbani yanafanana. Mtu amenunua programu ya kurekebisha sauti, amepima chumba kwa maiki, mstari kwenye skrini umenyooka, lakini wimbo ukipigwa kwenye gari besi inavuma hadi abiria wanalalamika. Kwa hiyo leo sizungumzii wati wala ukubwa wa spika. Hayo muuzaji yeyote atakuimbia. Nazungumzia shimo.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3, kuta za tofali, sakafu ya vigae. Nusu ya wimbi la 57 Hz (besi ya mitetemo 57 kwa sekunde) ina urefu wa mita 3, hivyo wimbi hilo linanasa kati ya kuta zinazotazamana. Ukutani linajaa, na hicho ndicho kilele; katikati ya chumba linajifuta, na hilo ndilo shimo. Na wewe kiti umekiweka wapi? Katikati. Besi huisikii, unaongeza, bado huisikii, unaongeza tena. Kwenye gari shimo halipo, ndiyo maana yote inamwagika.

Sasa mfumo wa kielektroniki ukijaribu kulijaza shimo hilo kwa kuongeza sauti, unatia maji kwenye pakacha. Desibeli 10 zaidi zinataka nguvu mara 10 kutoka kwenye amplifaya, na mwangwi wa ukutani nao unapanda vilevile, kwa hiyo mawimbi yanaendelea kufutana. Vilele vinakatika vizuri, mashimo hayajazwi. Sogeza kiti kwanza, kisha ndiyo ufungue pochi.

Nafasi ya kwanza naipa spika za Genelec zenye GLM, yaani mfumo wao wa kupima chumba na kurekebisha spika, na sifichi mapenzi yangu kwa hawa Wafini. Unapima kwa maiki yao, vilele vinachongwa, na marekebisho yanahifadhiwa ndani ya spika yenyewe. Ukichomoa laptopu, mteja akachomeka simu yake, bado anasikia sauti iliyorekebishwa. Umeme ukikatika hupimi upya.

Ya pili ni AVAA ya PSI Audio, kifaa cha kumeza besi kutoka Uswisi. Kwa ufundi peke yake ingekuwa ya kwanza, kwa sababu haigusi kabisa sauti inayotoka kwenye spika. Unaisimamisha kona, unaichomeka kwenye umeme, nayo inameza besi ya chumba kati ya 15 na 150 Hz. Shimo linapungua kweli, na mvumo unakatika mapema. Kwa kanuni ya robo ya wimbi, sifongo la kufanya kazi hiyo kwenye 57 Hz lingekaribia unene wa mita moja na nusu. (Trei za mayai? Kwa besi hazifanyi lolote.) Ila bei! Kimoja kinazidi bodaboda mpya, na kona ziko nne.

Ya tatu ni SoundID Reference, programu ya Sonarworks. Inapima vizuri, lakini kwa kawaida inakaa kwenye kompyuta. Ukiiweka kwenye njia kuu ya miksi na ukasahau kuizima wakati wa kutoa wimbo, umemtumia msanii dawa ya chumba chako. Na ikikupa chaguo la kuongeza besi, usidanganyike.

Huna hela: Room EQ Wizard, programu ya kupima chumba, ni bure, tafuta maiki ya kupimia ya UMIK-1, jifunze kusoma mchoro. Basi.

Kinachonichosha ni wauzaji. Genelec 8030 na 8330 kwa mbele zinakaribia kuwa pacha, lakini 8030 haijui GLM ni nini, na kuna watu wanaiuza kwa maneno ya 8330, karibu kwa bei yake. Wengine wanafungua boksi la GLM na kuuza maiki peke yake, adapta peke yake. Kabla ya kulipa igeuze spika nyuma utafute tundu la waya wa mtandao. Muuzaji akikwambia "yote ni yaleyale dada", rudisha hela mfukoni.